Tovuti Yako ni Duka Lako: Jinsi ya Kuilinda, na la Kufanya Ikikwama

Haya ni mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti katika warsha ya usalama wa mitandao iliyowaleta pamoja wawakilishi wa vyama vya ushirika, shule, vikundi vya akina mama na vijana wenye biashara ndogo. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Nashukuru kwamba mmeacha shughuli zenu, wengine mkapanda matatu mbili kufika hapa. Sitawachosha kwa maneno magumu. Nitasema jambo la kompyuta, lakini nitalisema kama tunavyozungumza kuhusu duka, zizi au shamba, kwa sababu tovuti ni mali kama mali nyingine. Ina mlango, ina kufuli, na ina wezi wanaoizunguka usiku.

Nianze na kisa. Chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na tovuti nzuri tu. Ilijengwa na kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi, akamaliza miezi yake mitatu, akaenda zake. Tovuti ilikuwa na ukurasa wa bei za maziwa, ukurasa wa picha za mkutano mkuu, na ukurasa wa kununua hisa ulioandikwa nambari ya Till ya kulipia. Siku moja mwanachama mmoja, mama mjane, alilipa shilingi 12,000 alizokuwa ameweka akiba, akaja ofisini na ujumbe kwenye simu yake kuchukua risiti. Karani akaangalia vitabu, hakuna pesa. Wakaulizana. Wakafungua tovuti. Nambari iliyokuwa pale haikuwa ya chama. Tarakimu tatu za mwisho zilikuwa zimebadilishwa.

Walipotuita, tulikuta kwamba nambari ile ilikuwa imebadilishwa wiki tatu kabla. Kwa wiki tatu chama kilikuwa kinawaelekeza wanachama wake kwa mwizi, kwa jina lake na nembo yake. Hakuna aliyekuwa ameona, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuangalia.

Mwizi aliingiaje? Nitawaambia baadaye. Kwanza tuelewane kuhusu vifaa.

Plagini ya usalama ni kitu gani?

Tovuti nyingi za vyama, shule na biashara ndogo hapa kwetu zimejengwa kwa WordPress. Hii ni programu huria, haina malipo, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. WordPress ni kama nyumba yenye vyumba vichache. Ukitaka kuongeza chumba, kwa mfano fomu ya maombi au duka la mtandaoni, unaweka programu ndogo juu yake. Kwa Kiswahili sanifu inaitwa programu-jalizi, lakini vijana wanaiita plagini, na leo nitawafuata vijana.

Plagini ya usalama ni ile ambayo kazi yake ni ulinzi. Zipo nyingi: Wordfence, Sucuri, Solid Security, All-In-One Security, na nyinginezo. Kaunti haipigii debe kampuni yoyote. Nyingi zina toleo la bure na toleo la kulipia, na kwa tovuti ya kikundi, toleo la bure likitunzwa vizuri linashinda la kulipia lililosahaulika. Jueni tu tofauti yake. Kwa Wordfence, kwa mfano, wenye toleo la bure hupata kanuni mpya za ulinzi siku 30 baada ya wanaolipa.

Plagini hizi hufanya kazi tatu. Ya kwanza ni ya bawabu. Ina kitu kinachoitwa ukuta moto, ambacho humtazama kila anayebisha na kumzuia mwenye dalili za uhalifu. Ya pili ni ya kuhesabu majaribio. Mtu akikosea nenosiri mara kadhaa, anafungiwa nje kwa muda. Ya tatu ni ya ukaguzi. Inapita katika faili zako na kuzilinganisha na nakala halisi za WordPress, na ikikuta faili iliyochezewa au ngeni, inakuandikia barua pepe.

Pengine mtu atasema, "Mimi nina kikundi cha kufuga kuku tu, mdukuzi ananitakia nini?" Ndugu yangu, mdukuzi hakujui. Hajakuchagua. Ana programu inayozunguka intaneti usiku na mchana ikijaribu kila mlango. Januari 2012 tovuti 103 za serikali yetu zilivamiwa kwa usiku mmoja na mdukuzi mmoja kutoka Indonesia. Mtu hawezi kuketi na kuvunja milango 103 kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Ni mashine. Na mashine haiulizi kama wewe ni wizara au ni kikundi cha kuku. Ikiingia, itatumia tovuti yako kutuma barua za ulaghai, itawapeleka wageni wako kwenye kamari, au itabadilisha nambari ya malipo kama nilivyosimulia.

Kabla ya kuweka plagini yoyote

Usiweke kufuli kwenye mlango uliooza. Kuna mambo manne ya kufanya kwanza.

La kwanza, nakala ya akiba. Nakili tovuti nzima, faili pamoja na hifadhidata, na uiweke mahali pengine: kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye flash disk, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala iliyo kwenye seva ileile ya tovuti si akiba. Nyumba ikiungua, huungua na sanduku lililo ndani yake. Na ukishanakili, jaribu siku moja kuirejesha, ujue kama inafanya kazi.

La pili, jua nani ana funguo. Fungua orodha ya watumiaji wa tovuti yako, tazama wasimamizi. Kila jina usilolijua, uliza. Kila aliyeondoka, ondoa. Halafu angalia barua pepe ya msimamizi mkuu ni ya nani. Katika chama kile cha maziwa, ilikuwa ya yule kijana wa mafunzo. Hakuwa mwizi, hata hakujua lolote. Lakini kila onyo ambalo tovuti ilituma lilikwenda kwake, kwenye anwani aliyokuwa ameacha kuisoma. Vivyo hivyo kwa jina la tovuti na akaunti ya kampuni inayoihifadhi: viandikishwe kwa jina la chama, na barua pepe ya chama, si ya fundi.

La tatu, sasisha. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Tarehe 26 Januari 2017 WordPress ilitoa toleo la 4.7.2 lililoziba kasoro iliyomruhusu mtu yeyote kubadilisha maandishi ya tovuti bila nenosiri. Kasoro yenyewe ilitangazwa wiki moja baadaye, ili watu wapate nafasi ya kusasisha. Waliosasisha walilala usingizi. Wasiosasisha, ndani ya siku chache kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimebadilishwa na wadukuzi. Mwezi Septemba 2020 ikawa zamu ya plagini iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 700,000. Sasisho likitoka, mwizi naye hulisoma, akajua ufa ulikuwa wapi. Basi mnashindana mbio.

La nne, tupa usichotumia, na usitumie cha wizi. Plagini iliyozimwa bado iko kwenye seva, na ufa wake bado uko wazi, kwa hiyo ifute kabisa. Na zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye mitandao ya ovyo, zikiwa zimevunjwa kufuli, mara nyingi huja na mlango wa nyuma ndani yake. Unaokoa shilingi elfu tano, unamkaribisha mwizi sebuleni.

Mipangilio inayofaa kwetu

Sasa weka plagini yako ya usalama. Weka moja tu. Nimekuta tovuti zenye tatu, mwenyewe akidhani amejilinda mara tatu. Zile plagini zinagombana: hii inafunga kilichofunguliwa na ile, na tovuti inakuwa nzito kama mkokoteni wa matofali.

Washa ukuta moto. Kwa Wordfence, utaanza katika hali ya kujifunza, kwa kawaida wiki moja. Katika wiki hiyo tumia tovuti yako kama kawaida: andika habari, pakia picha, jaza fomu. Inakuangalia ili ijue kazi zako halali ni zipi. Usiwashe hali hiyo kwenye tovuti ambayo tayari inashambuliwa, maana itajifunza tabia za mwizi.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila msimamizi. Baada ya nenosiri, utaombwa tarakimu sita kutoka kwenye programu iliyo kwenye simu yako. Mtu akiiba nenosiri bila simu, hajapata kitu. Utapewa pia nambari za dharura. Zichapishe, uzifungie kabatini pamoja na cheti cha usajili wa kikundi.

Elekeza barua za tahadhari kwa watu wawili, si mmoja. Mmoja akiugua au akisafiri, mwingine aone.

Kisha kuna mpangilio wa idadi ya makosa ya nenosiri, na hapa niwape aibu yangu ili msiirudie. Kabla ya kujiunga na kaunti nilifanya kazi katika shirika dogo lililokuwa likitoa basari. Wanafunzi walijisajili na kuingia kwenye tovuti kujaza maombi. Niliweka plagini ya usalama, na kwa kuwa nilijiona mjuzi, nikaikaza: ukikosea mara tatu, unafungiwa saa 24. Siku ya mwisho ya maombi, vijana zaidi ya arobaini wakajaa kwenye saiba moja mjini. Watatu wanne wakakosea nenosiri. Plagini ikaifunga anwani ya IP. Lakini saiba nzima ilikuwa ikitumia anwani moja ya IP. Vijana wote wakafungiwa nje saa nane mchana, na maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni. Nami nilikuwa nimekwenda saiba ileile kuwasaidia, kwa hiyo nilifungiwa nje pamoja nao.

Fahamuni hili vizuri. Anwani ya IP si mtu. Ofisi nzima, shule nzima, saiba nzima inaweza kuwa na anwani moja. Hata intaneti ya simu, kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo ukifunga anwani moja kwa muda mrefu, unaweza kufunga nusu ya mtaa. Ruhusu makosa kumi au ishirini, fungia kwa saa chache, na mashine ya mwizi itakwama vilevile, kwa sababu yenyewe hujaribu maelfu.

Na kuna wale wanaofunga nchi zote isipokuwa Kenya. Kumbukeni jamaa zetu walio Saudi Arabia, Qatar na Marekani. Wanataka kusoma habari za nyumbani na kuchangia harambee. Kumbukeni pia kwamba mashine za utafutaji kama Google hutembelea tovuti kutoka nje. Ukizifunga, tovuti yako itapotea kwenye utafutaji, na utabaki kujiuliza wateja wamekwenda wapi.

Ikikwama, usiivunje

Sasa tufike kwenye matatizo. Plagini ya usalama ikikwama, wengi hukimbilia kuifuta. Ni kama kumfukuza mbwa wa ulinzi kwa sababu alimbwekea mgeni mmoja. Tuchukue matatizo yanayotokea sana, moja baada ya jingine.

Umefungiwa nje ya tovuti yako mwenyewe. Kwanza, acha kujaribu, kwa sababu kila jaribio linaweza kuongeza muda wa kifungo. Soma ujumbe ulio kwenye skrini. Plagini nyingi zina sehemu ya kuomba kiungo cha kufunguliwa kupitia barua pepe ya msimamizi. Ikishindikana, badilisha mtandao: zima Wi-Fi ya ofisi, tumia data ya simu, maana kilichofungiwa huenda ni anwani ya IP tu. Hivyo ndivyo nilivyofanya siku ile ya basari. Nilitoka nje ya saiba, nikasimama chini ya mti, nikawasha data, nikaingia, nikaondoa kifungo. Ilikuwa saa tisa na nusu. Vijana wakapata saa moja u nusu, lakini wawili walikuwa wameshakata tamaa na kupanda gari kurudi kwao. Sijawasahau hao wawili.

Hata data ikishindikana, ingia kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, fungua sehemu ya faili, tafuta folda ya wp-content, ndani yake plugins. Utaona folda yenye jina la plagini yako. Ibadilishe jina, kwa mfano uongeze neno "zima" mwishoni. WordPress haitaiona, nayo itazimika bila kufutwa. Ingia, kisha rudisha jina la folda, uwashe plagini tena na urekebishe mpangilio uliokufunga. Usiondoke ukiwa umeiacha imezimwa.

Tarakimu sita zinakataliwa. Mara nyingi kosa si lako wala si la tovuti. Ni saa ya simu. Tarakimu zile hubadilika kila baada ya sekunde 30, na hutokana na saa. Simu ikiwa nyuma kwa dakika mbili tatu, tarakimu zake zimeshapitwa. Nenda kwenye mipangilio ya simu, weka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe kwa mtandao. Simu ikipotea, tumia zile nambari za dharura ulizofungia kabatini.

Ukurasa mweupe, au ujumbe kwamba kuna hitilafu kubwa. Hili hutokea sana baada ya kusasisha. Fungua barua pepe ya msimamizi. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hujaribu kukutumia barua yenye jina la plagini iliyosababisha hitilafu, pamoja na kiungo cha kuingia katika hali ya uokoaji. Ingia humo, zima plagini hiyo tu, tovuti itarudi. Kama barua haikuja, tumia ile njia ya kubadilisha majina ya folda, moja moja, mpaka umpate mkorofi.

Hapa niwaonye wanaotumia Wordfence. Ukuta moto wake ukiwekwa kwa ulinzi kamili huacha faili iitwayo wordfence-waf.php, na maagizo ya kuiita kabla ya kurasa nyingine zote, mara nyingi kwenye faili ya .user.ini au .htaccess. Ukifuta faili ile bila kuondoa maagizo kwanza, tovuti nzima italala. Ondoa maagizo kwanza. Kama yako kwenye .user.ini, subiri dakika tano hivi, kwa sababu seva huyakumbuka kwa muda huo, ndipo ufute faili. Bora zaidi, pitia kitufe cha kuondoa ulinzi kilicho ndani ya plagini yenyewe.

Ukaguzi unaanza lakini haumaliziki. Tovuti zetu nyingi ziko kwenye seva za bei nafuu, tunakaa wengi kama chumba cha kupanga. Seva hukatiza kazi inayochukua muda mrefu. Tafuta mpangilio wa ukaguzi wa kutumia nguvu kidogo, na upange ukaguzi ufanyike usiku. Ikiwa bado, uliza kampuni inayohifadhi tovuti mambo mawili: kumbukumbu iliyotengewa PHP ni kiasi gani, na je, seva inairuhusu tovuti kujipigia simu yenyewe? Wordfence huendesha ukaguzi wake kwa njia hiyo, na seva nyingine huizuia.

Kila mgeni anafungiwa kwa pamoja. Kama tovuti yako iko nyuma ya Cloudflare au huduma inayofanana nayo, huenda plagini inaona anwani za huduma hiyo badala ya anwani za wageni. Ni kama bawabu anayemwona utingo tu na haoni abiria. Akimzuia utingo, gari zima limezuiwa. Kuna mpangilio wa kuiambia plagini ichukue wapi anwani halisi ya mgeni. Urekebishe, kisha fungua ukurasa huo uone kama anwani inayoonyeshwa ni ya mtandao wako.

Kazi halali inazuiwa. Unahifadhi habari, unapata jibu la 403, yaani umekatazwa. Fungua kumbukumbu za plagini, utaona kitendo kilichozuiwa na kanuni iliyokizuia. Kama una hakika ni kazi yako mwenyewe, kiruhusu kitendo hicho kimoja. Usizime ukuta mzima. Na ukishaondoa kizuizi lakini bado unaona ukurasa wa kukatazwa, safisha kashe, kwa maana huenda unaonyeshwa picha ya zamani.

Wakiwa wameshaingia

Sasa nirudi kwa chama cha maziwa. Tulipoweka plagini na kufanya ukaguzi, ilitoa orodha ya faili nne. Tatu zilikuwa za PHP, zimekaa ndani ya folda ya picha. Folda ya picha ina kazi gani na faili za programu? Hiyo ni dalili kubwa. Ya nne ilikuwa faili halisi ya WordPress iliyoongezewa mistari. Kwenye orodha ya watumiaji kulikuwa na msimamizi aliyejiita "support2", na hakuna mtu ofisini aliyemjua. Mlango alioingilia ulikuwa plagini ya kuonyesha picha za mkutano mkuu, ambayo haikuwa imesasishwa tangu kijana aondoke. Kwa hiyo ni picha zile za viongozi wakikata utepe zilizomfungulia mwizi.

Ukikuta hali hiyo, fuata utaratibu huu. Ifunge tovuti kwa wageni, na uweke tangazo fupi. Piga picha za skrini na unakili tovuti kama ilivyo, pamoja na uchafu wake, kwa sababu huo ni ushahidi. Kama nambari ya malipo imebadilishwa, iandike, na uwasiliane na kampuni ya simu mara moja. Kisha badilisha maneno siri yote: ya WordPress, ya hifadhidata, ya akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, na ya barua pepe. Badilisha pia zile funguo za siri zilizo ndani ya faili ya wp-config.php, ili yeyote aliyekuwa ameingia atolewe nje. Usiifute faili hiyo yenyewe, hata kama ukaguzi umeitaja, kwa maana bila hiyo tovuti haijui hifadhidata iko wapi. Ondoa watumiaji usiowajua. Rejesha nakala ya akiba ya kabla ya uvamizi kama unayo. Kama huna, weka upya WordPress na plagini zote kutoka kwenye chanzo chake rasmi. Mwisho, sasisha kila kitu kabla ya kufungua mlango tena, la sivyo atarudi kwa njia ileile usiku uleule.

Kisha toa taarifa. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ripoti kwa polisi. Unaweza pia kuripoti kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kama taarifa za watu zimefikiwa, kwa mfano nambari za vitambulisho au za simu, na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Na uwaambie wenyewe. Najua ni aibu. Chama kile kilisitasita siku nzima kabla ya kuwatangazia wanachama. Katika siku hiyo moja, mtu mwingine alituma pesa.

Plagini ina mipaka yake

Sitaki mwondoke hapa mkidhani plagini ni hirizi. Julai 2023 huduma za eCitizen zilipozimwa kwa siku kadhaa, mashambulizi yalikuwa ya kuusonga mfumo kwa maombi mengi kuliko uwezo wake. Plagini iliyo ndani ya tovuti haiwezi kuzuia mafuriko ya namna hiyo, kwa sababu maji yanapofika kwake yameshajaza nyumba. Hiyo ni kazi ya kampuni inayohifadhi tovuti na huduma zinazokaa mbele ya seva.

Tena, plagini ya usalama nayo inaweza kuwa na ufa. Mwezi Novemba 2024 iligunduliwa kasoro katika Really Simple Security, plagini iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 4. Kasoro ilikuwa ndani ya uthibitishaji wenyewe wa hatua mbili, na iliweza kumwingiza mtu kama msimamizi bila nenosiri. Sasisho lilitolewa haraka. Funzo si kwamba tuziache plagini za usalama. Funzo ni kwamba bawabu naye husimamiwa.

Na hakuna plagini itakayoona kwamba nambari ya Till si ya chama chenu. Kwake ni tarakimu tu. Mwenye kuijua ni ninyi.

Kwa hiyo ninawapa kazi ya nyumbani, na nitawauliza tukikutana tena. Kila kikundi kichague watu wawili. Kila Jumatatu asubuhi wafungue tovuti kwenye simu, kama mgeni, wasome nambari ya malipo kwa sauti wakiilinganisha na cheti. Kisha waingie ndani, wasasishe, wasome ripoti ya ukaguzi, waangalie orodha ya wasimamizi. Ni dakika kumi na tano. Kila mwisho wa mwezi, nakala ya akiba. Waandike kwenye daftari tarehe na sahihi, kama mnavyoandika kumbukumbu za mikutano.

Yule mama wa maziwa hakurudishiwa pesa zake na mwizi. Wanachama walichanga, wakamlipa, na leo ni mmoja wa wale wawili wa Jumatatu katika chama chake. Hajui PHP ni nini. Lakini nambari ya Till ya chama anaijua kwa moyo, na hakuna atakayeibadilisha tena bila yeye kuona.

Wenye maswali, ofisi za TEHAMA za kaunti ziko wazi siku za kazi, na huduma hii hamlipishwi. Njooni na tatizo lenu mapema, kabla halijawa msiba.